Doti Isiyo Duara

Ciru,

Umeenda Kaptembwo kunyolewa, kwa sababu umeambiwa kwenye kambi ya mafunzo ya polisi hawataki nywele za kusuka, nami nimeburuta kiti hadi dirishani ili nimalize barua hii kabla jua halijaondoka kwenye ukuta wa jirani. Naandika kwa kalamu nene, ile ya kuandikia namba kwenye shabaha. Utaona herufi zimekuwa kubwa kama za mtoto wa nasari na mistari inapanda mlima kuelekea kulia. Cheka kama unataka, lakini soma mpaka mwisho.

Mambo ya soksi, sabuni na vyeti nimeyaacha. Unayajua kuliko mimi, na mwaka huu wote ni wewe uliyekuwa ukinitafutia viatu vyangu asubuhi. Cucu yako, mama yangu, amepiga simu kutoka Kabazi kusema ametuma viazi na njegere, kana kwamba huko unakokwenda utapewa jiko lako. Nilimshukuru. Akauliza kama nimeshakupa mawaidha. Nikasema bado. Akasema, "Wewe ulisoma sana, usimchoshe mtoto." Kwa hiyo nitajaribu.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya jicho lako la kulia.

Nimelitaja mapema hivi makusudi, maana najijua. Nikianza kuzunguka, nitazunguka hadi giza liingie. Jumapili pale renji, kwenye uwanja wa kulengea shabaha, ulinitazama, ukajua kwamba nimeona. Tangu siku hiyo tumeongea habari za begi, habari za cucu, habari za ziwa lililopanda tena hadi kwenye uzio, na hakuna hata mmoja wetu aliyelitaja jicho. Vyumba viwili hapa Rhonda ni nafasi ndogo sana kwa watu wawili kufichana kitu ambacho wote wanakijua.

Nilipomaliza shahada ya fizikia pale Njoro ulikuwa umeshaanza kusema maneno mawili matatu. Nilitafuta kazi ya ualimu mpaka nikachoka kutafuta, kisha ile klabu ya shabaha ya upande wa Elementaita ikanichukua. Nilidhani ni kazi ya kupitisha muda. Nilisimamia renji: nilipanga shabaha, nilitoa amri ya kupiga na ya kuacha, nilihakikisha kila bunduki imerudi kabatini ikiwa tupu. Wanachama walikuwa wakulima wa ngano kutoka Mau Narok, wenye maduka mjini, maafisa wastaafu wanaopenda kusimulia. Waliniita madam. Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kurekebisha vifaa vya kulengea, kugeuza skurubu kidogo kidogo hadi risasi iende kule kule jicho linakotazama. Nilipenda kwamba kuna jambo angalau moja duniani linaloweza kunyooshwa kwa skurubu.

Halafu Mwenyekiti wa klabu akarudi kutoka safari na doti mbili, vile vifaa vya kulengea vyenye nukta nyekundu ndani ya kioo. Unayakumbuka maboksi yake, yenye picha ya paa mwenye mapembe marefu na maandishi kwamba ni kwa wawindaji na wanamichezo. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini kabla mimi sijazaliwa, na vijana wa klabu walicheka siku nzima. Mmoja aliniuliza, "Mathe, huyu paa tutampata wapi?" Mwenzake akamjibu kwamba paa wa hapa ni wa serikali, ukimgusa utaliwa wewe.

Wewe hukucheka. Uliichukua doti moja mikononi, ukaigeuza, ukauliza mbona haina swichi. Ulikuwa hujaingia sekondari. Nikakuonyesha kile kipande cha sola juu yake, kidogo kama ukucha, nikakuambia inaishi kwa mwanga wa mchana na kile kibetri ndani ni cha dharura tu. Ulidhani inarusha mwanga mwekundu mpaka kwenye shabaha kama kwenye filamu. Nikakueleza kwamba hairushi kitu. Ile nukta nyekundu inakaa kwenye kioo chake, jicho lako tu ndilo linaloiona, na popote utakapoiweka ndipo risasi itakapokwenda. Nikakuambia usifumbe jicho lolote. Hilo ndilo jambo lililokufurahisha. Miaka yote ulikuwa umefundishwa kufumba jicho moja, na hapa kumbe unaruhusiwa kutazama kwa yote mawili.

Siku ya kwanza ulilala chini ya kibanda cha mabati na bunduki ya upepo, shabaha ikiwa nje kwenye jua kali. Ukasema, "Mum, imepotea." Nilikuja nikachuchumaa kando yako. Nikasukuma mkeka mbele mpaka mtutu na doti vikatoka kivulini, na nukta ikarudi, nyekundu kabisa. Nikakuambia kifaa kile kinapima mwanga wa mahali kilipo, si wa mahali kinakotazama. Kikiwa kivulini kinadhani dunia yote ni kivuli, kinafifisha nukta, na jua la kule mbele linaimeza.

"Kwa hivyo ni kijinga kidogo," ulisema.

"Kidogo," nikasema.

Miezi ile tulikuwa na furaha, na mimi sikuitambua. Bati la shabaha lilikuwa likilia kila ulipopiga. Nilikuwa nikiandika namba za wanachama wengine huku nikisikiliza bati lako tu.

Kisha siku moja nikaitazama doti na haikuwa duara. Ilikuwa imemwagika. Ilikuwa na mkia kuelekea chini, na nukta nyingine ndogo zimeizunguka, kama nyanya iliyoanguka sakafuni. Wewe ndiye uliyekuwa umeisafisha asubuhi ile. Nikakuuliza kama umeiangusha, ukasema hapana. Nikakuita jina lako kamili, Wanjiru, kama ninavyofanya nikitaka uogope.

"Haijaanguka, Mum. Naapa."

Sikukuamini. Niliitazama tena, mkia ulikuwepo, na ushahidi wa macho yangu ulikuwa na uzito zaidi kuliko kiapo chako. Nikakupeleka kwa Mwenyekiti mbele ya vijana wenzako ukaombe msamaha. Ulisimama wima ukasema, "Pole, Mwenyekiti. Niliiangusha." Yeye akasema vitu huanguka, usijali. Hukulia. Tulipokuwa tukirudi nyumbani ulitembea mbele yangu ukiwa umebeba mkoba wangu, na sikuweza kukufikia. Ulikuwa umekubali kuwa mwongo ili mimi nibaki nikiwa sahihi, na mimi nilijisifu moyoni kwamba nimelea mtoto anayekiri kosa.

Nimekuomba msamaha kwa hilo mara nyingi, mpaka ukaniambia niache. Silileti tena ili uniambie imeisha. Nalileta kwa sababu ya kilichofuata, ambacho sidhani umewahi kukiona kama nilivyokiona mimi kutoka ndani.

Mtu asiyesoma angesema doti imeharibika na kuishia hapo, au angempa mtu mwingine atazame. Mimi nilikuwa na elimu. Doti ilipelekwa kwa fundi Nairobi, ikarudi na jibu kwamba ni nzima, nami nikajua mara moja kwa nini fundi hakuona tatizo: aliitazama ndani ya nyumba. Nikasema ni jua letu. Hapa tuko juu, mwanga ni mkali, kile kipande cha sola kinashiba kupita kiasi na nukta inawaka mpaka inamwagika. Maelezo hayo yalikuwa mazuri. Niliwaeleza wanachama, wakatikisa vichwa kukubali, mmoja akasema ndiyo faida ya kuwa na msomi kazini. Niliweka utepe mweusi juu ya sola. Mkia ukabaki. Nikasema ni vumbi la magadi limeingia kwenye kioo. Nikasema ni baridi ya asubuhi. Nikachukua ile doti ya pili, nayo ilikuwa na mkia, na hapo, Ciru, hapo mtu yeyote angejua. Mimi nikasema zote mbili zimetoka kiwandani na kasoro ileile.

Kila mara elimu yangu ilinipa sababu nzuri. Nilipoteza karibu miaka miwili kwa sababu nzuri.

Wewe ukitazama uliona duara. Uliniambia. Nikasema watoto wana macho yanayosamehe.

Mwisho wa mwaka klabu ilikuwa ikitupima macho sote tunaosimamia renji. Nesi alitundika ule ubao wa herufi ukutani katika chumba cha chai. Nilikaa nje nikisubiri zamu, na kwa mlango uliokuwa wazi nikamsikia aliyenitangulia akisoma kwa sauti, mstari baada ya mstari. E, halafu F na P, halafu T, O, Z. Sikupanga kuzikariri. Nilijikuta tu zimekaa kichwani, na nilipoingia nikafunikwa jicho la kulia, nikazisoma kwa jicho la kushoto vizuri sana, na nilipofunikwa la kushoto nikazisoma tena kwa kumbukumbu. Nesi aliandika kwamba niko sawa. Nilitoka pale nikiwa na furaha ya kweli. Nilikuwa nimejidanganya mwenyewe kwa ustadi hata nikaamini nimeona.

Na ile siku ya Mwenyekiti unaijua, ulikuwepo. Alikuwa amekwenda mbele kutazama mabati, akiwa na lile shati lake la kaki, amesimama kwenye nyasi kavu. Vijana walikuwa mstarini na bunduki mikononi. Mimi nilitazama uwanja kutoka kushoto hadi kulia kama nilivyofundishwa, nikaona nyasi na vichaka, nikasema kwa sauti yangu ya kazi, "Renji salama."

Wewe ulisema, "Subirini." Hukupiga kelele. Ulilisema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwako kabla wala baada ya siku ile, na kila mtu akashusha mtutu. Kisha kichaka kimoja kikageuka, kikawa mtu, kikaanza kurudi kwetu kikipangusa jasho. Yeye mwenyewe hakujua kilichotokea mpaka alipoambiwa. Alikaa chini kwenye benchi akaomba maji.

Jioni ile nyumbani uliniomba ile doti, ambayo nilikuwa nimekuja nayo ili niifungue tena. Uliiweka hapa hapa dirishani. Ulichukua simu yako, ukaweka kamera nyuma ya kioo chake pale jicho linapokaa, ukapiga picha. Ukaniletea simu karibu na uso. Ndani ya picha nukta ilikuwa duara kama kichwa cha pini.

"Mum, angalia," ulisema. "Simu haina mkia."

 Ungeweza kunikumbusha kwamba hukuiangusha. Ulikuwa na haki ya kunikumbusha kwa miaka, na ulikwenda kuosha vyombo.

Daktari alinionyesha picha ya jicho langu iliyochorwa kwa rangi kama ramani ya milima, buluu pembeni, kijani, njano, na katikati nyekundu. Alisema kioo cha mbele ya jicho kimekuwa chembamba na kinachongoka kidogo kidogo, kama ncha ya yai. Jicho la kulia limekwenda mbali, la kushoto linafuata. Aliuliza kama nilikuwa na tabia ya kusugua macho nikiwa mdogo. Nilikulia Kabazi nikipura maharagwe, macho yakiwasha kila msimu, nani hakusugua? Akasema ipo tiba ya matone na mwanga inayokaza kioo cha jicho kisiendelee kuharibika. Hairudishi kilichopotea, inasimamisha tu. Nikasema basi nifanyiwe. Akazima kompyuta yake kabla ya kunijibu, nami nikajua. Ungekuja mwaka juzi, alisema. Sasa kimekuwa chembamba mno, hakitastahimili.

Mwaka juzi nilikuwa nikibandika utepe juu ya sola.

Kilichofuata umekiona. Zile lenzi ngumu zilizokuwa zikinitoka machoni na tukizitafuta kwa magoti sakafuni. Foleni ya kupandikizwa kioo kingine, ambayo jina langu limo na sijui liko wapi. Klabu haikunifukuza. Mwenyekiti alisema, "Kaa tu, madam, utabandika karatasi," na tangu hapo nabandika shabaha za karatasi kwenye maboksi kwa kupapasa kona. Watu huniambia nina bahati. Huenda. Nasikia bunduki zikirekebishwa na mtu mwingine, nasikia anageuza skurubu kupita kiasi, nami naendelea kubandika.

Daktari yule aliuliza pia kama nina mtoto. Akasema nimlete, na nimlete kila mwaka, kwa sababu jambo hili hutembea ndani ya familia. Nilikupeleka. Ulikuwa sawa, rangi ya jicho lako kwenye ile ramani ilikuwa kijani kama shamba la Mau baada ya mvua. Nilitoka pale nikafikiri labda ulichukua macho ya baba yako, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomtegemea yule mtu kwa jambo lolote.

Mwaka uliofuata sikukupeleka. Nilijiambia ni mwaka wako wa mtihani. Nilijiambia ulikuwa sawa, na kwamba ukienda utaogopa bure. Ona jinsi sababu hizo zilivyo nzuri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimelala kitandani nikiutazama ukuta, nikijihurumia, na sikutaka kukanyaga tena chumba kile.

Sasa nifike Jumapili.

Vijana walikuwa wakikuchokoza kwa sababu ni siku yako ya mwisho. Mmoja alisema ukishakuwa afande hutawakumbuka tena. Ukamwambia, "Nitawakumbuka siku nitakayokuja kuwashika." Walicheka, hata mimi nilicheka. Kisha ukalala mkekani na nikasubiri bati lilie.

Halikulia. Nikasikia risasi ikipiga udongo, na nyingine. Nikaacha gundi nikaja nyuma yako taratibu. Siioni shabaha tena kutoka pale, lakini uso ulio karibu na wangu nauona. Ulikuwa umefumba jicho la kulia. Kwenye doti, Ciru. Wewe uliyefurahi kuruhusiwa yote mawili. Kisha ukahamisha bunduki, ukaweka kitako kwenye bega la kushoto, jicho la kushoto likaja nyuma ya kioo, na bati likalia mara moja. Vijana wakauliza hiyo ni nini. Ukasema unajaribu staili mpya. Ukageuka kuinuka, ukanikuta nimesimama pale.

Jumatatu ulikuwa ukiosha vyombo ukiimba chini kwa chini. Nilidhani ni wimbo wa kanisani. Kisha nikasikia T, O, Z, na kabla hujafika mstari unaofuata, mimi nilikuwa nimeshaufika kichwani. Ukanyamaza. Nadhani ulisikia ukimya wangu.

Kwa hiyo najua utakavyofanya. Utafika kambini, watakupima, utazisoma kwa jicho la kushoto vizuri sana na kwa la kulia kwa kumbukumbu. Wataandika kwamba uko sawa, kwa sababu wanakutaka. Walikuja wenyewe mpaka klabu kukuomba kwa ajili ya timu yao ya kulenga shabaha. Si jambo linalowatokea watoto wa Rhonda mara mbili. Baada ya hapo ni miezi mingi ya mafunzo bila ruhusa ya kutoka. Vumbi, usiku bila kulala, na mikono michafu inayosugua macho. Ukitoka huko na kuniletea jicho lako, daktari atazima kompyuta yake kabla ya kukujibu.

Au utawaambia wakiwa wanakupima, nao watakurudisha nyumbani siku hiyo hiyo, wamchukue aliyekuwa nyuma yako. Au hutapanda gari kesho, tutakwenda kwa daktari, atalikaza jicho, na utabaki hapa na jicho lililosimama lilipofika, bila kambi, bila timu, ukibandika karatasi pamoja na mama yako. Nimeyageuza haya wiki nzima. Sikupata njia ya nne. Nilizoea kudhani mtu akikaa na tatizo kwa akili yake yote litafunguka mahali. Hili limebaki limefungwa.

Sitakuambia ufanye nini. Nilipokuwa na haki ya kuamuru niliitumia kukupeleka kwa Mwenyekiti ukaombe msamaha. Na kuna jambo jingine, ambalo nakuandikia kwa uaminifu ingawa linanidhoofisha. Mimi napima mwanga wa mahali nilipo. Nimekaa kivulini muda mrefu, na inawezekana kule mbele yako kuna jua ambalo mimi silioni, na kwamba jicho lako litakwenda polepole kuliko langu, na kwamba bega la kushoto litakutosha maisha yote. Inawezekana. Nimejaribu kuliamini hilo tangu Jumapili na sijaweza.

Ninalokuomba ni dogo. Nimeiazima ile doti kwa Mwenyekiti. Nitaiacha hapa dirishani pamoja na barua hii. Asubuhi jua likifika itawaka yenyewe. Fumba jicho la kushoto, itazame kwa la kulia. Kisha piga picha kwa simu kama ulivyonipigia mimi, uzilinganishe. Usijipe sababu. Usiseme ni usingizi, usiseme ulilia, usiseme ni kioo kina vumbi. Kama ulichokiona na kilicho kwenye simu ni kimoja, nimekosea, na hakuna siku nitakayofurahi kukosea kama hiyo. Kama si kimoja, basi angalau utakwenda ukijua, si kama mimi. Na kama utakwenda ukijua, nakusihi usikubali kamwe wakupe kazi ya kusema renji salama. Lenga shabaha zako, beba mizigo yao, fagia uwanja wao, lakini mtu mwingine asisimame mbele ya mitutu kwa kutegemea jicho lako. Mimi nilikuwa na wewe nyuma yangu siku ile. Wewe utakuwa na watu usiowajua.

Nadhani utabeba begi. Mimi ningelibeba.

Nitakusindikiza mpaka kwenye gari. Usinipungie mkono ukishapanda. Sitauona, na watu watanigusa bega kuniambia binti yako anakupungia, nami nitainua mkono kuelekea upande usio wako. Niambie kabla hujapanda, kwa mdomo, ukiwa umenishika: duara, au si duara. Nitasikia tu. Sitajibu kitu, na sitakuuliza tena.

Jua limeshatoka ukutani na siwezi kusoma nilichoandika juu. Nimekusikia chini, unamsalimia mama wa duka, anakwambia kichwa kimekupendeza. Sasa uko kwenye ngazi. Zamani ulikuwa ukizipanda mbio, mpaka jirani akawa analalamika. Leo nasikia unaigusa kila ngazi kwa ncha ya kiatu kwanza, kisha ndipo unakanyaga, kama ninavyofanya mimi.

Mama yako